KIOO CHA KUSOMA HABARI
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia)



Bwana mwenyekiti, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mlioleta ombi. Kamati imeniomba nieleze kile kioo ambacho vijana wanataka kutengeneza kwa bafu la nyumba yetu ya wageni, kabla mweka hazina hajafungua sanduku. Nimesikia wengine wakinong'ona kwamba ni uchawi. Hebu tuangalie.

Usiku ukiwasha taa ndani ya nyumba, ukitazama dirisha unajiona mwenyewe. Aliye nje gizani anakuona wewe. Kioo hiki ni hivyo hivyo. Ni glasi iliyopakwa utando mwembamba sana wa madini, unaorudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu. Nyuma yake panawekwa skrini ya kompyuta, hata kuukuu, yenye weusi mtupu na maandishi meupe. Palipo peusi unaona uso wako. Palipo na maandishi mwanga unapenya, na huku ukipiga mswaki unasoma saa, tarehe, na kama mvua inatarajiwa.

Kompyuta yake ni ndogo, karibu ukubwa wa kitambulisho. Inaitwa Raspberry Pi, na ilianza kuuzwa Uingereza mwaka wa 2012. Programu nayo ni ya bure. Mholanzi mmoja, Michael Teeuw, alijitengenezea kioo kama hiki mwaka wa 2014, kisha akawaachia watu wote programu yake, MagicMirror. Hapo nawapongeza vijana, hawakutuomba hata senti ya programu.

Sasa stima. Tuseme skrini na kompyuta pamoja zinakula wati 30. Zikiwaka usiku na mchana, hizo ni karibu uniti 22 kwa mwezi, na kikundi ndicho kitalipa. Lakini kuna kifaa kidogo kinachohisi mtu akisogea. Mtu akija skrini inaamka, akienda inalala. Ikiwaka saa sita tu kwa siku, tutalipia uniti tano na kidogo, pamoja na ile kompyuta ambayo hailali lakini hula kidogo. Kifaa hicho kisiachwe nje ya hesabu.

Jambo lingine, kompyuta nyingi za aina hii hazina betri ya saa. Stima ikipotea, na nyinyi mnajua inavyopotea hapa, na intaneti ikiwa haipo, saa itadanganya. Mgeni atakosa matatu ya alfajiri kwa kuamini kioo chetu.

Na maji! Mvuke ukiingia ndani vifaa vinaharibika, na mtu mwenye mikono mbichi akigusa waya anaweza kufa. Mimi ningekitundika kwenye ujia nje ya bafu, na waya zifungwe na fundi wa stima aliyehitimu. Vijana wasikasirike. Fremu na programu ni kazi yao.

Lakini lililonileta hasa liko mwisho wa karatasi ya ombi. Imeandikwa kwamba kioo kionyeshe pia majina ya wanachama waliochelewesha mikopo. Hapana, ndugu zangu. Mama aliyeuguliwa na mtoto mwezi huu aje kunawa uso, akute deni lake limeandikwa juu ya paji lake mwenyewe, na wageni wamesimama nyuma yake? Huyo hatarudi mkutanoni, na pesa pia hazitarudi. Daftari la mikopo likae kwa mweka hazina, na anayedaiwa atembelewe nyumbani na watu wawili, kama tulivyozoea.

Kionyeshe siku ya mkutano, bei ya maziwa, hali ya hewa. Herufi ziwe kubwa, na picha ya wingu au jua kwa ajili ya nyanya zetu wasiosoma. Na achaguliwe mtu mmoja wa kubadilisha habari kila wiki, maana bei ya maziwa ya mwezi uliopita itatugombanisha.

Vijana, leteni bei za vifaa kutoka maduka matatu, kamati izione kabla ya mkutano ujao. Ule mstari wa madeni ufuteni leo, karatasi ingali mezani.