Kishona Nguo Kisichokufa kwa Dawa
Hotuba ya Halmashauri kwa wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama



Wengine watakaosimama hapa leo watazungumza habari za bei ya kahawa, na twajua masikio yenu yako huko. Sisi tumepewa kazi isiyo na shangwe, nayo ni kusema habari za magugu. Twaomba mtuvumilie, maana katika jambo hili Halmashauri ilikosa, na yafaa kosa hilo lisemwe mbele ya wote.

Mtakumbuka kwamba misimu mitatu iliyopita baadhi yenu mlikuja ofisini mmekasirika, mkasema dawa ya kuua magugu iliyouzwa ghalani imetiwa maji. Kishona nguo kilinyunyiziwa, kikanyauka ncha za majani, na baada ya majuma mawili kikachipua upya na kutoa maua. Karani wa ghala akatiliwa shaka, nasi tukamsimamisha kazi mwezi mzima bila kufungua hata kopo moja lenye lakiri tulijaribu.

Hatimaye Bwana Shamba alitushauri jaribio jepesi. Tulichukua mbegu za kishona nguo katika mashamba yaliyolalamikiwa, na nyingine kando ya makaburi, mahali pasipopata kunyunyiziwa dawa kamwe. Tukazipanda katika madebe, na miche ilipokuwa na majani manne tukainyunyizia siku moja, kwa bomba moja, kwa maji safi na kipimo kilichoandikwa, kutoka kopo jipya. Miche ya makaburini ikafa yote. Ya mashambani, mingi ikabaki hai. Karani alirudishwa kazini na kulipwa mshahara wa mwezi ule. Leo ameketi kati yenu.

Basi kulitokea nini? Wako wasemao kwamba gugu limeizoea dawa, kama mlevi azoeavyo pombe. Sivyo, maana hakuna mmea unaojifunza. Katika mamilioni ya mbegu huzaliwa chache zenye tofauti ndogo ya asili: mmea mmoja, pale dawa inaposhika pamebadilika umbo, mwingine huivunja dawa ndani yake kabla haijadhuru. Pasipo dawa, tofauti hiyo haina faida. Dawa ikija, wenzake hufa, naye hubaki na shamba zima, bila mshindani wa maji wala mbolea, akizaa mbegu kwa maelfu. Mwaka wa pili twarudia dawa ile ile, na kwa mikono yetu twazidi kumchagulia uzao wake. Tena kishona nguo hushika nguo za mpita njia na manyoya ya mbuzi, hata jirani asiyekosa hupata taabu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1968, katika jimbo la Washington huko Marekani, gugu liitwalo Senecio vulgaris lilionekana haliuawi na simazini. Mwaka 1989 kishona nguo cha mashamba ya kahawa ya Kenya kiliandikwa kuwa kinastahimili parakwati. Glifosati iliingia sokoni mwaka 1974, na wengi wakadhani haitashindwa kamwe. Mwaka 1996 nyasi za Australia ziliishinda.

Dawa ikishindwa, msikimbilie kulaumu mbegu wala karani. Tazameni kwanza maji, kwa maana udongo wa maji machafu huzifunga glifosati na parakwati zisifanye kazi. Tazameni bomba, na mvua iliyonyesha upesi. Yakibaki magugu ya kila namna, kosa huenda ni la mnyunyizaji. Ikibaki namna moja tu, imesimama kijani katikati ya wenzake waliokufa, hapo pana shaka ya kweli. Kuongeza dawa maradufu si tiba, na kuipunguza ili idumu huyapa nafasi magugu yenye nguvu kidogo.

Sasa kosa letu. Miaka sita mfululizo ghala lilileta dawa ya namna moja. Malalamiko yalipozidi tulinunua kopo la rangi nyingine, lenye jina jingine, kumbe kiini kilikuwa kile kile! Jina la dukani halitoshi. Namna ya kuua hupewa namba: parakwati ni 22, glifosati ni 9. Makopo mawili yenye namba moja, kwa habari hii, ni dawa moja.

Lakini hata kubadili namba peke yake hakutoshi. Kishona nguo kilichosalia king'olewe kwa mkono kabla hakijachanua. Matandazo yafunike udongo kati ya mibuni, na majembe yasafishwe kabla ya kuazimwa. Twajua vibarua ni ghali, na kwamba wengi mlinunua dawa ili kuepuka jembe. Lakini magugu machache yaliyosalia hayahitaji kibarua, yahitaji asubuhi moja ya mwenye shamba.

Tangu msimu ujao ghala halitauza namba moja misimu miwili mfululizo. Daftari limefunguliwa mezani kwa karani; kila mwanachama aje aandikishe shamba lake na dawa alizotumia, hata kama alizinunua kwingine.