Meza ya Kampala na Masikio ya Dola

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wananchi wa Kampala walizoea kukusanyika kila Jumamosi katika ukumbi wa burudani uitwao Club Obbligato. Hawakufuata dansi. Walikwenda kuzijadili habari za nchi yao, na Radio One ikayarusha maneno yao hewani moja kwa moja. Mjadala huo uliitwa ekimeeza, yaani meza kubwa, neno ambalo Mswahili halimpigi chenga. Msemaji aliandikisha jina, akangoja zamu, akapimiwa muda na mwenyekiti. Baadaye vituo vingine viliiga, ikiwemo CBS, redio ya ufalme wa Buganda.

Waganda hawakuutazama mjadala huo kwa jicho moja. Wako waliouita bunge la wananchi, kwa kuwa raia wa kawaida aliweza kumjibu kiongozi mbele ya taifa zima. Wengine waliubeza kuwa ni kelele za baa na ngazi ya wanaotafuta vyeo. Kila upande ulikuwa na hoja yake.

Mtihani ulikuja Septemba, 2009. Serikali ilizuia ziara ya Kabaka wa Buganda wilayani Kayunga. Ghasia zikazuka, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Serikali ilizilaumu redio kwa uchochezi. Ikaifunga CBS pamoja na vituo vingine vitatu, na kuipiga marufuku mijadala ya hadharani. CBS ilifunguliwa tena Oktoba, 2010. Meza ile kubwa ilibaki imefungwa.

Tukio hilo lina funzo kwa kila mwenye kubeba silaha kwa niaba ya umma. Uchochezi ni kosa, na anayewaita watu kushika mapanga hastahili kulindwa na kipaza sauti. Lakini mchochezi ana jina lake na sheria inayomhusu. Kuwanyamazisha wote kwa kosa la wachache hakuiondoi hasira. Huihamisha tu kutoka mezani kwenda barabarani, na huko anayeipokea ni askari, mwenye ngao mkononi, asiyejua ilianza wapi.

Dola inayosikiliza manung'uniko mapema humpunguzia askari wake kazi ya kuzima moto. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.