Tamati ni Amana: Juzuu ya Mwisho ya The Wheel of Time na Suala la Mkono wa Pili



1. Utangulizi

Wataalamu wa ushairi wa Kiswahili wanaufahamu vyema utaratibu wa utenzi. Mtunzi hufungua kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, huagiza wino na karatasi, husimulia kisa chake, kisha hufunga kwa tamati. Humo hujitaja jina, aghalabu hueleza tarehe na idadi ya beti, na humwomba msomaji asahihishe penye kosa. Darasani beti hizo za mwisho mara nyingi hurukwa, kana kwamba kisa kimekwisha pale adui aliposhindwa. Mhadhara huu unashikilia kwamba tamati ina uzito wake, kwani hapo ndipo mtunzi hulipa madeni aliyoyakopa kwa msomaji tangu ubeti wa kwanza. Swali gumu zaidi huzuka pale mtunzi anapofariki kabla ya kuifikia tamati yake. Ni nani mwenye haki ya kuifunga kazi ya marehemu, na kwa masharti gani?

Mfano utakaochunguzwa unatoka mbali na pwani ya Afrika Mashariki. Ni A Memory of Light, yaani Kumbukumbu ya Nuru, juzuu ya 14 na ya mwisho ya riwaya ndefu ya fantasia na vita iitwayo The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati. Juzuu hiyo ilitolewa Januari 2013 ikiwa na majina mawili ya waandishi kwenye jalada: Robert Jordan na Brandon Sanderson. Wa kwanza alikuwa amefariki zaidi ya miaka mitano kabla.

2. Askari aliyegeuka msimulizi

Robert Jordan ni jina la kalamu la James Oliver Rigney, aliyezaliwa mwaka 1948 mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Alipigana Vietnam kwa vipindi viwili akiwa mpiga bunduki katika helikopta, na alitunukiwa nishani. Aliporejea alisomea fizikia, akawa mhandisi wa nyuklia katika jeshi la wanamaji, kisha akashika kalamu. Juzuu ya kwanza, The Eye of the World, ilitoka mwaka 1990. Mhariri wake alikuwa Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mkewe.

Wasifu huu unasaidia kueleza kwa nini vita katika riwaya hii havisimuliwi kama mapambano ya mashujaa wawili wawili tu. Kuna chakula kinachopungua, farasi wanaochoka, amri zinazochelewa kufika, na vijana wa kijijini wanaotambua kwamba ustadi wa kuua unaingia mwilini upesi kuliko walivyotarajia.

Mwaka 2006 Jordan alitangaza kwamba anaugua maradhi adimu yanayoudhuru moyo. Akijua muda wake ni mfupi, alieleza kwa mdomo mambo ambayo hajayaandika, akaacha shajara za kazi, na akaandika mwenyewe sehemu za mwisho kabisa za hadithi. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007. McDougal alimteua Sanderson, mwandishi kijana aliyezaliwa mwaka 1975, akamkabidhi nyaraka hizo. Jordan alikuwa ameahidi kwamba kilichosalia kingetosha katika juzuu moja. Kilipoandikwa kilihitaji tatu: The Gathering Storm mwaka 2009, Towers of Midnight mwaka 2010, na A Memory of Light.

3. Vita ndani ya juzuu ya mwisho

Msuko wa juzuu hii unaweza kuelezwa kwa ufupi. Rand al'Thor anakwenda Shayol Ghul kukabiliana na Bwana wa Giza. Ili apate nafasi hiyo, majeshi ya mataifa yaliyokuwa yakichukiana yanajigawa katika medani nne, kila moja ikiongozwa na jemadari mwenye sifa kuu: Gareth Bryne, Davram Bashere, Agelmar Jagad na Rodel Ituralde. Msomaji aliyezifuata juzuu zilizotangulia anawaamini watu hawa kabisa. Adui hawahongi wala hawaui. Anaingia katika ndoto zao na kuipotosha fikra yao kwa kiasi kidogo mno. Kikosi kinapelekwa mahali kikiwa kimechelewa, ubavu mmoja unaachwa wazi, askari wa akiba wanatumwa mapema. Kila kosa, likitazamwa peke yake, linaweza kusamehewa. Yakijumlishwa, ni maangamizi.

Katika medani ya kaskazini ni Lan anayeligundua jambo hilo. Anamtaka Agelmar aitazame ramani yake mwenyewe, na mzee yule anaona kwa macho yake namna alivyokuwa akiwapeleka watu wake mautini. Uchungu wa tukio hili unatokana na uaminifu wa Agelmar: hakuwa msaliti. Mtu mwema ametumika kuharibu alichokipenda, na njia pekee ya kuokoa kilichosalia ni kuiachia amri mikononi mwa mwingine.

Amri hiyo inamwangukia Mat Cauthon, mcheza kamari ambaye tangu ujana wake amekuwa akikwepa majukumu. Katika uwanja wa Merrilor anapokea vita vilivyoanzishwa na wengine na vilivyokwisha kuharibika nusu. Sura ya 37, iitwayo Vita vya Mwisho, ina zaidi ya maneno 70,000, urefu wa riwaya nzima, na masimulizi yake yanahama baina ya makumi ya wahusika bila kumpa msomaji pumziko. Egwene, kiongozi wa Aes Sedai, anakufa. Bashere na mkewe wanakufa. Baragumu la kuwaita mashujaa wa kale linapigwa na Olver, mtoto yatima, kwa kuwa hapana mwingine wa kulipiga. Katika vita hivi karibu kila jambo kubwa linamaliziwa na mtu asiyelianza.

Hapa ndipo maudhui na historia ya uandishi vinapokutana. Riwaya inayozungumzia kupokezana kazi isiyokamilika iliandikwa kwa kupokezana. Hata uamuzi wa Rand unaelekea huko. Anapopata uwezo wa kumwangamiza Bwana wa Giza, anatambua kwamba ulimwengu usio na uwezekano wa uovu utakuwa ulimwengu wa watu wasioweza kuchagua. Anamfungia nje badala ya kumwua, na kuwaachia watakaofuata sehemu yao ya kazi.

4. Mizani ya takhmisa

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kuazima mizani ya kigeni ili kuipima kazi ya mkono wa pili. Mapokeo ya ushairi wa pwani yana takhmisa. Katika bahari hii mshairi huchukua beti za mtangulizi wake zenye mistari miwili, akaziongezea mistari mitatu na kupata mitano. Mfano mashuhuri ni Takhmisa ya Liyongo. Mapokeo huzinasibisha beti za asili na Fumo Liyongo, na nyongeza na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate.

Sifa moja ya takhmisa inastahili kuzingatiwa. Mistari mipya hutangulia, na ya zamani hufuata. Mshairi wa pili huandaa njia, akajifunga kwa vina vya mwenzake, kisha mshairi wa kwanza ndiye anayeufunga ubeti. Mkono wa pili hufanya kazi kubwa zaidi kwa wingi wa maneno, lakini neno la mwisho si lake.

A Memory of Light imejengwa kwa kanuni inayokaribia sana hiyo. Sehemu kubwa ya mapigano ni kazi ya Sanderson. Sehemu za kufungia zilizo muhimu zaidi ni za Jordan, na Sanderson alizielekeza juzuu tatu nzima zifike hapo. Ushahidi ulio wazi ni tukio dogo la mwisho ambapo Rand, vita vikiwa vimekwisha, anawasha kiko chake kwa kuwaza tu. Tukio hilo limo katika maandishi ya Jordan. Wasomaji wameuliza mara nyingi linawezekanaje. Sanderson hakutunga maelezo ya kuliziba pengo hilo ndani ya kitabu. Alilikuta likiwa fumbo, akalipitisha likiwa fumbo.

Vivyo hivyo, sura ya kwanza ya kila juzuu hufungua kwa upepo unaovuma, na msimulizi husema kwamba upepo huo ni mwanzo mmojawapo tu, kwa kuwa gurudumu halina mwanzo. Juzuu ya mwisho inafunga kwa upepo uleule, safari hii kama mwisho mmojawapo. Ahadi iliyotolewa mwaka 1990 ililipwa mwaka 2013.

5. Kasoro za mkono wa pili

Si haki kuisifu kazi hii bila kuzitaja kasoro zake. Katika The Gathering Storm sauti ya Mat ilibadilika: mzaha wake ulizidi kipimo, wasomaji wakalalamika, na Sanderson mwenyewe alikiri kwamba hakuipata sawasawa. Katika A Memory of Light, Demandred anafika na jeshi kubwa kutoka nchi ya Shara ambayo msomaji hajaandaliwa vya kutosha kuipokea. Padan Fain, aliyetishia tangu juzuu ya kwanza, anaondolewa kwa haraka isiyolingana na kivuli alichokitupa.

Kuna pia kasoro ya namna nyingine. Katika takhmisa umbo lenyewe humwonyesha msomaji mpaka: hii ni mistari ya nani, na ile ni ya nani. Katika riwaya hii mpaka huo hauonekani. Majina mawili yako jaladani, na dibaji ya The Gathering Storm inaeleza namna kazi ilivyogawanywa, lakini ndani ya sura mikono imechanganyika. Kwa msomaji wa kawaida huenda ni fadhila. Kwa mtafiti ni mzigo, na bila ya nyaraka za Jordan zilizohifadhiwa katika maktaba ya College of Charleston, uamuzi kuhusu nani aliandika nini ungebaki kukisia.

6. Hitimisho

Mambo mawili yanafuata kwa wanaoshughulika na fasihi ya Kiswahili. La kwanza linawahusu wahariri wa miswada. Miswada mingi ya tenzi imetufikia kupitia mikono ya wanakili, na baadhi yao walikuwa washairi. Mhariri anayeujaza ubeti uliochanika bila kuweka alama anamnyang'anya mtunzi neno lake, na anamnyang'anya mwanakili jina lake. Aweke alama. Takhmisa ilikwisha kuonyesha kwamba inawezekana kuongeza na kuheshimu kwa pamoja.

La pili linawahusu wanafunzi. Beti za tamati zisomwe. Mtunzi anayeandika jina lake, tarehe yake na idadi ya beti zake anaweka mpaka unaozuia kazi yake isiongezwe wala kupunguzwa kwa siri. Anayeomba asahihishwe, kwa upande wake, anakiri kwamba huenda atakuja mwingine baada yake, na anamkabidhi kazi. Mambo hayo mawili, kulinda na kukabidhi, ndiyo maana ya amana. Jordan aliyatimiza alipoandika mwisho kwanza na kuuweka mikononi mwa mkewe. Sanderson aliyatimiza, pamoja na makosa yake, alipokubali kuandika maelfu ya kurasa ili afike kwenye maneno ya mtu mwingine, na alipofika, akayaacha yalivyo.