Bunduki ya Tajiri Mkononi mwa Mlinzi



Sisi wa reli hatuna bunduki, na pengine mwasema, habari za leseni zatuhusu nini? Lakini wako kati yetu ambao mshahara hauwatoshi. Jioni hutoka Changamwe wakashuka kisiwani kulinda maduka ya Mji wa Kale. Hao ndio tunaowasemea.

Siku za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha kulikuwa kifo. Dedan Kimathi alihukumiwa 1956 kwa bastola, akanyongwa Februari 1957. Siku hizi ni kifungo, bali kifungo nacho si mchezo.

Desemba 2018 Waziri Matiang'i aliwapa wenye bunduki siku 90 wakachunguzwe upya na kupata vyeti vipya. Matajiri walikwenda. Cheti kikatoka kwa jina la tajiri. La mlinzi halimo.

Sasa sikilizeni. Mwenzetu mmoja alipewa bunduki usiku, tajiri akapanda juu kulala. Yeye aliona fahari! Tukamwuliza, cheti kina jina la nani? Akanyamaza. Polisi wakipita, anayekamatwa ni aliyeishika, na tajiri aweza kukana kwamba hakumpa.

Asubuhi aliirudisha. Jioni akaambiwa asije tena, na siku zake kumi na moja hajalipwa mpaka leo. Katibu amekwisha kuandika barua. Nawe ukipewa bunduki ya mtu, mwone katibu kabla hujaishika.