Kazi ianzie kwenye mikutano yetu
(Hotuba ya Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Leo tunasema juu ya uongozi katika maendeleo, mafunzo na ajira. Kwa kuwa baadhi ya jamaa zetu wamehamishiwa Australia, tumechagua mfano wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Waaborijini.

Tarehe 23 Agosti 1966, Wagurindji wapatao 200, wachunga ng'ombe, watumishi wa nyumbani na jamaa zao, waliacha kazi katika ranchi ya Wave Hill wakaondoka kwa miguu. Ujira wao ulikuwa mdogo mno kuliko wa Wazungu, na sehemu yake ilikuwa posho ya unga, sukari na chai. Kiongozi wao, mzee Vincent Lingiari, alikuwa mchunga ng'ombe kama wao. Walipiga kambi kwenye kijito cha Wattie Creek, wakadai si mshahara tu, bali ardhi ya mababu. Tarehe 16 Agosti 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alimtilia Lingiari mchanga mkononi, kuwa ishara ya kuwarudishia sehemu ya ardhi hiyo. Wagurindji wakafuga ng'ombe wao wenyewe.

Mwaka 1977 serikali ilianza mpango mwingine: fedha za wasio na kazi zilipewa jamii za Waaborijini, nazo zikalipia kazi walizozipanga wenyewe. Mpango huo ulidumu miongo kadhaa, kisha serikali ikaufuta.

Ndugu zetu, sisi ni wageni hapa. Hatudai ardhi ya wenyeji waliotupokea. Lakini hatuna budi kujiuliza: nani huchagua kazi zetu? Yalipoletwa mafunzo ya ushonaji, sisi kamati tuliandikisha majina tu. Hatukuuliza nani atanunua nguo, wala cherehani zitabaki kwa nani. Mradi ulipokwisha, cherehani ziliondoka nao, na vijana wetu wakabaki na vyeti. Kosa hilo ni letu pia.

Kwa hiyo tunaomba kila kijiji kifanye mkutano, akina mama na vijana wakiwemo, kiandike kazi tatu kinazozitaka na majina ya mafundi tulio nao. Mfadhili ajaye atapokelewa kwa orodha hiyo.