Sura ya Karatasi ya Kiswahili
Karatasi ya Kiswahili ya KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6 nchini Kenya iliyoanza mwaka 2022, humpa mtahiniwa wa Njiru, Nairobi, maswali ya kuchagua jibu. Katika kifungu chenye mapengo, macho husoma juu, hushuka kwenye machaguo, kisha hupanda tena kuusaka mstari. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, huchoka kabla lugha yenyewe haijapimwa. Msomaji mwepesi hata hautambui mzigo huo. Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya (KNEC) huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa kwa wasioona na wasioona vizuri, na ni haki. Lakini mistari iliyoachana na machaguo yaliyo karibu na pengo yangewafaa wengi wenye ugumu wa kusoma wasio na cheti cha daktari cha kuuthibitisha. Picha nazo zina mitego: mchoro uliofifia kwenye fotokopi ya mtihani wa majaribio humkosesha alama hata anayelijua neno.