Homa ikishuka, musiache kumuangalia mugonjwa
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Uvira



Leo hatukuwaita juu ya maandamano. Tumewaita juu ya homa.

Hapa kwetu homa yote inaitwa malaria. Mutu akishikwa na baridi jioni, asubuhi iko farmasi ananunua vinini. Labo ikisema hana malaria, anavikunywa tu. Sisi pia tulikuwa tunafanya hivyo, mpaka mwaka 2019.

Mwaka ule, Dar es Salaam kulikuwa ugonjwa wa dengi. Mama mumoja wa mutaa wetu, muuzaji wa nguo, alikuwa ametoka kule kutafuta mali Kariakoo. Siku chache kisha kurudi, homa ikamupiga. Kichwa, nyuma ya macho, viungo, mifupa, vyote vinauma. Kipimo cha malaria: hakuna kitu. Wakamupa ibuprofeni juu ya maumivu. Siku ya ine homa ikashuka. Tukafurahi, kila mutu akarudi kwake.

Kesho yake tumbo likamuuma sana, akatapika bila kuacha, damu ikatoka kwenye ufizi. Majirani wakakimbia: «Ni Ebola!» Dakika zile za woga zilitaka kumuua kuliko ugonjwa wenyewe. Munganga njo aliuliza ulizo ambalo sisi wote hatukuuliza: «Mama, umetoka wapi?» Kipimo cha dengi hakikukuwa. Lakini alimuangalia kama mugonjwa wa dengi, akamutia serumu, akamulinda usiku na muchana. Mama alipona. Yuko kati yetu leo.

Tulijifunza nini?

Dengi inaletwa na mbu anayeuma muchana, zaidi asubuhi na jioni mbele jua halijazama. Kisha mbu kuuma, ugonjwa unatokea kati ya siku 4 na 10: homa kali ya gafula, kichwa, maumivu nyuma ya macho, misuli na viungo, kichefuchefu, wakati mwingine vipele. Kwanza pima malaria, maana malaria inaua kila siku hapa kwetu. Lakini kipimo kikisema hapana, usirudi nyumbani kulala tu. Uliza tena. Mwambie munganga fasi ulitoka.

Hakuna dawa inayoua dengi. Antibiotiki haisaidie. Mwili njo unapigana, sisi tunausaidia: kupumzika, kunywa sana maji safi, uji, maji ya matunda, serumu ya kunywa. Juu ya homa na maumivu, parasetamolo peke yake, bila kupita kipimo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hapana: zinaweza kuongeza kutoka damu. Muchana pia mugonjwa alale ndani ya chandarua, maana mbu akimuuma yeye, anaweza kupeleka ugonjwa kwa mutu mwingine.

Sasa shikeni hii kuliko yote. Siku homa inashuka, hatari inaweza kuanza. Kwa siku moja ao mbili, mutu asiachwe peke yake. Tumbo kuuma sana, kutapika bila kuacha, damu puani, kwenye ufizi ao kwenye choo, kupumua mbiombio, ngozi baridi, kuhangaika ao kulegea sana, kukaa saa 6 bila kukojoa: ni lopitali mara moja. Musingoje asubuhi. Mutu akitoka damu, musimufiche na musimukimbie. Itisheni watu wa afya. Mama mwenye mimba, mutoto mudogo na muzee wachungwe zaidi. Na aliyekwisha kupata dengi asiseme «nimekwisha kuzoea»: kuna aina 4, na mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Hata kisha kupona, uchovu unaweza kukaa majuma mengi. Musimuite mutu muvivu.

Na kazi yetu? Mbu huyu anazaa kwenye maji yaliyosimama karibu na nyumba: mapine ya zamani, mikebe, pipa bila kifuniko. Kila juma tumwange maji, tusugue pembeni, maana mayai yanabaki yameshikamana hata pakikauka. Tuanze na parseli zetu Posho hii.

Lakini hatutadanganyana. Watu wanaweka maji kwenye mapipa juu robine haitoe maji. Ufagio wa vijana haubadilishe kazi ya serikali. Tunaomba maji, kuokota takataka, vipimo vya dengi kwenye vituo vya afya, na mugonjwa apokelewe mbele ya kuulizwa mafranga.

Tukitoka hapa, kila mutu aambie watu watano neno moja: homa ikishuka, bakia karibu na mugonjwa.